Kutoka Meza ya Karani: Mti wa Usukani



Jumatatu moja ya mwezi uliopita nilikuwa ofisini nikinakili vyeti vya ubatizo, mara nikasikia hodi. Akaingia mama mmoja wa kigango cha ng'ambo ya mto, mjane, ambaye sitamtaja jina. Mkononi alishika bahasha yenye stempu ya Kanada. Mwanawe wa pili yuko huko, huu mwaka wa sita, afanya kazi katika kiwanda cha kupasulia mbao karibu na mji wa Revelstoke, katika milima ya British Columbia, upande wa magharibi wa nchi ile. Mama anayo simu, lakini kijana huyu ana desturi nzuri ya kumwandikia mama yake barua ya karatasi kila baada ya miezi michache, na kutia picha ndani, maana mama hupenda kuziweka katika kitabu chake cha sala.

"Karani, mwanangu," akaniambia baada ya salamu, "nisomee ukurasa wa pili. Mjukuu alinisomea jana, nami usiku sikulala."

Nikasoma. Kijana aliandika kwamba amenunua pikipiki ya theluji iliyokwisha tumika, mashini nzuri ila nzito kugeuza, na ya kwamba ameng'oa mti wake wa usukani na kuutupa pembeni, sasa angoja mwingine mrefu zaidi aliouagiza, ili mashini ipate kumsikia vizuri mlimani. Katika picha alisimama anacheka mbele ya mashini yenye kifuniko wazi, na mkononi ameshika chuma kirefu kilichopinda.

"Basi niambie," mama akasema, "mtu mwenye akili aweza kung'oa usukani wa chombo anachokipanda? Na kwa nini watengeneze usukani wa mti? Baba yake alikufa kwa gari. Mimi sitaki huyu naye."

Wasomaji, sikuwa na jibu. Chuoni, tulipokuwa twajifunza ualimu, mkufunzi wetu mmoja alizoea kusema kwamba mwalimu asiyejua jambo na aseme, "Nitakujibu keshokutwa," kisha aende akasome. Nikamwambia mama hivyo hivyo. Nikasoma siku mbili maelezo ya mafundi wa huko, na haya ndiyo niliyoyapata. Nimeona niyaandike hapa, kwa sababu wengi wetu tuna watoto, ndugu na wapwa katika nchi za baridi, nao hutuandikia habari za vyombo ambavyo hatujapata kuviona.

Kwanza, chombo chenyewe. Pikipiki ya theluji haina magurudumu. Nyuma, chini ya kiti, ina mkanda mmoja mpana wa mpira wenye meno, uzungukao kama mnyororo wa trekta, nao ndio uisukumao mbele. Mbele ina skii mbili, yaani mfano wa mbao mbili ndefu zilizopinda ncha kama omo ya mtumbwi. Siku hizi hutengenezwa kwa plastiki ngumu. Mpandaji hukaa kama juu ya pikipiki, au husimama, akashika usukani kwa mikono miwili. Kidole gumba cha kulia huongeza mwendo, na mkono wa kushoto hushika breki. Mashini ya namna hii yaweza kuwa na uzito wa kilo 200 au zaidi, na nyingine za leo zina nguvu za farasi zaidi ya 150. Hapa kwetu motokaa nyingi hazina nguvu hizo.

Aliyeanzisha kazi hii ni mtu wa imani yetu, na habari yake yafaa ijulikane. Jina lake Joseph-Armand Bombardier, alizaliwa mwaka 1907 katika Valcourt, kijiji cha Wakatoliki wasemao Kifaransa katika jimbo la Quebec. Mwaka 1922, alipokuwa na miaka 15 tu, yeye na ndugu yake walitengeneza mfano wa sleji wakatia juu yake mota ya motokaa kuukuu ya Ford na pangaboi la mbao nyuma, kama la eropleni. Mmoja akaongoza mbele, mwingine akaangalia mota, wakapita kijijini kwa kelele kuu. Baba yao alipoliona lile pangaboi likizunguka wazi bila kizuizi, aliamuru mashini ivunjwe siku ile ile. Nadhani kila baba msomaji wa gazeti hili angeamuru vivyo hivyo.

Wazazi walimpeleka seminari mjini Sherbrooke, lakini moyo wake ulikuwa katika vyuma, nao wakakubali aache akajifunze ufundi. Alipopata umri wa miaka 19 alikuwa na gereji yake mwenyewe. Wakati ule, theluji ikianguka, njia za vijiji vya Quebec zilifungika kwa miezi. Motokaa ziliwekwa ndani mpaka theluji iyeyuke, na watu wakarudia farasi na sleji. Katika majira ya baridi ya mwaka 1934 mwanawe Yvon, mtoto wa miaka miwili, aliugua tumbo ghafula, ugonjwa ambao hutaka kupasuliwa upesi. Hospitali ilikuwa mbali, njia zimezibwa na theluji, na mashini ambayo baba yake alikuwa akiibuni ilikuwa bado vipande vipande sakafuni mwa gereji. Mtoto akafa.

Alipofika mwaka 1937 Bombardier alikuwa amepata hati ya uvumbuzi wa gurudumu lake la meno na mkanda wa mpira, akaanza kuuza gari la theluji la kuchukua watu saba. Baadaye likaja la watu 12. Wanunuzi wake wa kwanza walikuwa waganga, mapadre, wachukuzi wa barua na wenye hoteli. Tangu mwaka 1948 serikali ya Quebec ilianza kusafisha theluji katika barabara za mashambani, na biashara yake ya magari makubwa ikapungua sana, naye akarudia ndoto yake ya ujana: chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili. Chombo hicho kilikuwa tayari mwaka 1959. Mojawapo ya mashini za kwanza kabisa aliipeleka mwenyewe Lansdowne House, kaskazini ya Ontario, kwa rafiki yake Padre Maurice Ouimet wa Shirika la Oblati, aliyekuwa akiwahudumia Wahindi wa kabila la Ojibwe. Mpaka hapo padre huyo alizoea kusafiri kwa sleji ya kuvutwa na mbwa. Yasemekana mashini iliitwa Ski-Dog, maana yake kama kusema mbwa wa skii, na ya kwamba herufi moja ilikosewa katika uchapaji ikawa Ski-Doo, jina ambalo limebaki hadi leo. Mota yake ilikuwa ya nguvu za farasi 7 tu. Bombardier alifariki mwaka 1964, umri wake miaka 56.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa makusudi. Mama yule aliposikia kwamba padre mmisionari alipanda chombo hicho kwenda kuwatembelea wagonjwa, uso wake ulitulia kidogo. Lakini akaniuliza tena, "Na usukani?"

Haya, usukani. Kitu ambacho kijana amekiita mti si mti wa msituni. Ni bomba la chuma. Juu limefungwa ule usukani wa kushika kwa mikono. Bomba lashuka kutoka hapo, likizunguka au kuipita juu mota, maana mota imekaa papo hapo njiani, mpaka chini karibu na miguu ya mbele. Mwisho wake una mkono mfupi wa chuma. Ukigeuza usukani, bomba lajizungusha, ule mkono mfupi wasukuma fimbo mbili, ambazo mafundi wa motokaa huziita tairodi, na fimbo hizo zageuza skii, hii na hii pamoja. Hivyo kila amri ya mikono yako yapita katika bomba lile moja. Hakuna njia nyingine.

Katika mashini za zamani bomba hilo limelala sana. Ncha yake ya juu yamwelekea mpandaji, maana watengenezaji walifikiri mtu atakaa kitako, miguu mbele, kama mtu aliye kwenye kiti cha uvivu. Kwa njia nyororo ya tambarare haikuwa vibaya. Lakini mlimani, penye theluji mpya ya kufika kiunoni, mpandaji hawezi kukaa. Husimama, husogea mbele, huhamisha miguu yote miwili upande mmoja wa mashini, akailaza mashini kwa uzito wa mwili wake ili ikate mlima kwa ubavu. Mara nyingine hugeuza usukani kuelekea bondeni huku mashini yenyewe ikipanda, jambo ambalo kwa mara ya kwanza lilinishangaza mpaka nikalisoma mara tatu. Katika theluji ya kina, skii hazishiki kitu kigumu. Kinachogeuza mashini hasa ni ule mkanda ulalao upande, nao usukani ni wa kumsaidia mpandaji kuilaza na kuizuia isilale mno.

Sasa chukua mwiko mrefu, ufunge kijiti juu yake uwe kama msalaba. Usimamishe wima, uuzungushe. Ncha mbili za kijiti zitazunguka sawasawa, kama jiwe la kusagia. Kisha ulaze mwiko, sehemu ya juu ikuelekee kifuani, uuzungushe tena. Utaona ncha moja yashuka magotini kwako, na nyingine yapanda na kukimbia mbali mpaka mkono haufiki. Hivyo ndivyo ilivyo kwa bomba lililolala. Mpandaji akikata kona kali, mkono wa ndani wa usukani humgonga goti, na ule wa nje humvuta bega. Akiwa amesimama upande mmoja wa mashini, mlimani, shida huwa maradufu.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wenyewe walibadili umbo la mashini zao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ile ya Ski-Doo ilitoa mashini iliyomsogeza mpandaji mbele sana, karibu na katikati ya uzito wa chombo, na usukani ukasimama zaidi. Wengine wakafuata. Mwenye mashini ya zamani, asiye na fedha za kununua mpya, hutafuta njia ya kuigeuza yake ifanane na hizo: huweka bomba jingine lililo refu zaidi, au lililosimama zaidi, au lililosogezwa mbele. Kijana wetu hakupungukiwa akili. Amefanya jambo ambalo mafundi wa huko hulifanya siku zote.

Nilipomweleza mama hivyo akasema, "Kumbe." Kisha akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi, mwenye cheti cha ualimu, sikuwa nimelifikiri: "Na anayelifunga ni nani?"

Hapo nikakumbuka jambo langu mwenyewe. Miaka minne iliyopita nilikuwa na baisikeli ambayo usukani wake uliniumiza mgongo kwa kuwa chini mno. Nikaamua kuuinua. Mwenye baisikeli ajua kwamba shingo ya usukani, kile chuma kinachoingia ndani ya fremu, mara nyingi ina alama iliyochorwa kuonyesha mwisho wa kuivuta juu. Mimi niliiona alama, nikaipita kwa vidole viwili, nikakaza nati kwa nguvu zangu zote, nikajisifu. Kwa wiki tatu nilipanda kama bwana mkubwa, mgongo umenyooka. Wiki ya nne, nikiteremka mtoni na daftari mbili za parokia nyuma, shingo ile ikang'oka. Nikabaki nimeshika usukani mikononi, na baisikeli chini yangu ikienda ilikotaka, kama mtu aliyeshika kamba na ng'ombe amekwisha kimbia. Mimi nilichubuka uso. Daftari zilianguka matopeni, na mpaka leo ukurasa mmoja wa ndoa una doa ambalo Paroko huniuliza kila akaguapo.

Nati niliikaza. Lakini urefu wa chuma uliobaki ndani haukutosha kubeba mzigo wa mikono yangu, na kila kidole nilichoongeza juu kilikuwa mtaimbo wa kuung'oa usukani wenyewe. Bomba la pikipiki ya theluji lina sheria hiyo hiyo. Usukani ukiwa juu zaidi, mikono yavuta kwa nguvu zaidi, na panapofungwa huumia zaidi. Na mashini ile ina kilo 200, tena huruka mabonde.

Kwa hiyo nikaketi na mama tukapanga jibu la barua. Nilimweleza jambo moja moja, naye akaamua lipi liandikwe. Nayaweka hapa pamoja na sababu zake, huenda mtu mwingine akamwandikia mwanawe.

La kwanza, je, amehakikisha kwamba ugonjwa uko katika bomba? Mashini nzito kugeuza, au ile inayoyumba yumba kushoto na kulia penye njia ngumu, mara nyingi haina kosa katika bomba hata kidogo. Yafaa ainue mbele skii zikae hewani, kisha mtu mmoja ashike usukani usicheze, na mwingine atikise skii moja moja. Zikicheza kabla usukani haujatikisika, basi bushi zimelika, au vichwa vya tairodi vimelegea. Aangalie pia vile vyuma vyembamba vyenye ncha ngumu vilivyofungwa chini ya skii. Hivyo ndivyo vinavyouma barafu wakati wa kukata kona, na vikiisha, mashini huteleza moja kwa moja hata ukigeuza usukani mpaka mwisho. Tena apime kama skii mbili zimeelekea sawa. Kwa kawaida huachwa zifunguke mbele kidogo sana, kama milimita 3 mpaka 6, lakini kipimo cha kila mashini kimo katika kitabu chake. Haya yote ni ya bei ndogo kuliko bomba jipya. Mtu akitia bomba jipya juu ya bushi zilizokufa, amenunua kanzu mpya akaivaa bila kuoga.

La pili ni urefu. Ziko njia mbili za kuinua usukani. Moja ni kuweka kipande cha chuma kati ya bomba na usukani, kazi ya nusu saa. Nyingine ni bomba zima lililo refu zaidi. Kipande ni rahisi, lakini chaongeza boli na viungo, na kila kiungo ni mahali pa kulegea. Tena hakibadili ulalo. Usukani wapanda juu, lakini wazunguka kwa mteremko ule ule, na goti lagongwa vile vile. Kwa upande huu naona kijana amechagua vizuri kuagiza bomba zima. Lakini wako pia vijana, huko kama hapa, wapendao usukani mrefu kwa kuringa tu. Mtu mfupi akiuinua mno, mikono hufika mabegani, naye hana nguvu tena ya kuisukuma mashini chini. Mpimaji mwema husimama juu ya mashini kama mlimani, magoti yamelegea kidogo, na kutazama mahali mikono inapoangukia yenyewe viwiko vikiwa vimekunjwa kidogo. Hapo ndipo usukani ukae.

La tatu lilinichukua muda mrefu kulielewa. Ukilisimamisha bomba juu bila kulitazama chini, ule mkono mfupi unaosukuma tairodi nao waacha mlalo wake. Mashini ikipita tuta, miguu ya mbele hupanda na kushuka. Kama tairodi hazifuati njia yao ya asili, kila tuta litazivuta, na skii zitajigeuza zenyewe kidogo ingawa mikono haikutikisika. Kwa hiyo mafundi wazuri hutengeneza vifaa vyao pamoja na kiungo au vishikio vipya, ili juu pabadilike na chini pabaki palepale. Bomba lililotengenezwa kwa mashini ya aina moja lisifungwe katika aina nyingine kwa sababu tu matundu yamelingana.

La nne, asilichomelee mwenyewe. Wako watu wanaokata bomba la zamani, wakaingiza kipande katikati na kulichomea. Mabomba mazuri hutengenezwa kwa chuma chenye mchanganyiko maalumu, chembamba lakini kigumu, nacho hutaka mchomeaji ajuaye moto wake. Pembeni mwa mchomo mbaya, chuma huwa kama kigae, hakipindi bali hukatika ghafula, bila kuaga. Mengine hutengenezwa kwa alumini, nayo ni mepesi, lakini alumini huchoka kwa kutikiswa na kupata nyufa, hivyo lazima ikaguliwe kila mwanzo wa msimu.

Mama hapo akanikatiza. "Andika hilo kwa herufi kubwa."

Nikaandika kwa herufi kubwa.

La tano ni waya. Usukani ukipanda au kusogea, waya wa mafuta, mpira wa breki na nyaya za umeme lazima zifuate. Zikiwa fupi, zitakubali mashini ikisimama wima, lakini siku ya kukata kona mpaka mwisho waya wa mafuta utavutika, na mota itaunguruma yenyewe bila kidole kuigusa, wakati mtu yuko ukingoni mwa genge. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha mota, ageuze usukani kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, akitazama kila waya kama wavutika au wabanwa. Kisha awashe, mashini ikiwa imesimama na mkanda wa nyuma umeinuliwa usiguse chini wala kuelekea mtu yeyote, ageuze tena polepole, asikilize. Sauti ya mota ikibadilika anapogeuza, azime, atafute.

La sita, nati. Nati za kujifunga, zile zenye mviringo wa plastiki ndani, zikifunguliwa zibadilishwe. Zilizotumika hazishiki kama mpya. Zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu, si kwa nguvu ya kifua kama nilivyofanya mimi. Baada ya safari ya kwanza zikaguliwe zote tena. Safari hiyo ya kwanza iwe mahali tambarare, mwendo wa pole, na ile kamba ya usalama imefungwa katika koti lake. Kamba hiyo ndiyo inayozima mota mara mpandaji anapoanguka, mashini isije ikaenda peke yake.

Nilitaka kumaliza hapo. Lakini ilinibidi kumwambia mama jambo jingine, maana asingekuwa na haki ya kufurahi bila kulijua. Milima ile ya Revelstoke ina theluji nyingi sana, na theluji ya mlimani yaweza kuporomoka yote kwa mara moja na kuwafunika watu. Mashini ikigeuka vizuri zaidi, mpandaji hufika mahali ambapo zamani asingefika, na baadhi ya mahali hapo ni pabaya. Huko wana ofisi zinazotangaza kila siku hali ya hatari ya theluji kuporomoka, na wapandaji waangalifu huchukua kifaa kidogo cha kutoa ishara, koleo na fimbo ndefu ya kutafutia mtu aliyefukiwa, wala hawaendi peke yao. Mafundi hawaandiki mengi juu ya hayo wanapouza mabomba.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Nikafikiri atasema kijana auze mashini. Nami, nikisema kweli, ningeliandika neno hilo kwa moyo mkunjufu. Lakini akasema, "Baba yake naye alikuwa hivyo. Ukimkataza, atafanya bila kuniambia, nami sitapata picha. Muulize tu."

Tukaandika maswali saba kwa jumla. Sita ni hayo ya juu. La saba ni la mama mwenyewe, nami nililiandika kama alivyolitamka: "Unapokwenda mlimani, wewe na nani? Niandikie majina yao, ili niwajue katika sala."

Akatia kidole gumba penye sahihi, ingawa ajua kuandika jina lake. Alisema kidole ni chake, herufi ni za shule. Nikaipeleka barua posta Jumatano.

Jibu lilifika Jumamosi iliyopita, kwanza kwa simu ya mjukuu, maana kijana hakungoja posta. Bushi tatu zilikuwa zimekufa, naye amezibadili. Vyuma vya chini ya skii pia. Bomba jipya limefungwa na fundi wa mjini, si yeye. Waya wa mafuta ulikuwa mfupi kwa upande wa kushoto, jambo ambalo fundi aliligundua alipogeuza usukani mpaka mwisho, wakaagiza mrefu. Majina ameleta matatu: Mfilipino mmoja na ndugu wawili wa huko huko, mmoja wao ni mwalimu wa shule.

Mama ameniomba niyaandike kwa herufi kubwa katika kijikaratasi, ukubwa wa kuingia katika kitabu cha sala. Moja ya majina hayo sijui hata namna ya kulitamka, nami nimemwahidi kumwuliza Paroko.